Mabinti watano wa Selofehadi

Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa, mabinti wa Selofehadi wa kabila la Manase, hawatajwi sana mimbarani. Habari zao zimo katika Hesabu 27 na 36, na tena katika Yoshua 17.

Kisa kinaanzia nchi tambarare za Moabu, ng'ambo ya Yeriko. Wanaume wa miaka 20 na zaidi walikwisha kuhesabiwa, jumla 601,730, na ardhi ya Kanaani ingegawanywa kwa hesabu hiyo. Selofehadi alikuwa amefia jangwani bila mtoto wa kiume, hivyo nyumba yake haikuwa na wa kupokea fungu. Mabinti wakasimama mlangoni pa hema ya kukutania, mbele ya Musa, kuhani Eleazari, wakuu na mkutano wote, wakajieleza kama mawakili hodari. Baba yao hakushiriki uasi wa Kora dhidi ya Musa, kwa hiyo hakuna kosa la kumnyang'anyia urithi. Na jina lake lifutike katika ukoo kwa kukosa mwana tu? Musa hakuwa na sheria ya kuwajibu. Akalipeleka shauri kwa Mungu, na jibu likawa kwamba wanadai haki. Hapo ikatungwa sheria ya Israeli yote: asipokuwapo mwana, binti hurithi kabla ya ndugu za marehemu.

Sheria hiyo ina mipaka, maana binti mwenye kaka bado hakupata kitu. Katika sura ya 36 wazee wa Gileadi, ukoo wa mabinti hao, wakaja na hofu yao: mabinti wakiolewa nje, ardhi itahama kabila. Ikaamuliwa waolewe na wawapendao, mradi ndani ya kabila la baba yao, nao wakaolewa na binamu zao.

Hofu hiyo inajulikana vizuri Afrika Mashariki. Kanuni za kimila zilizoandikwa Tanganyika mwaka 1963 zilimruhusu mwanamke kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini si kuiuza. Mwaka 1990 Mahakama Kuu, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, iliona kanuni hiyo ni ya ubaguzi. Mkristo anayeketi kwenye kikao cha ukoo baada ya matanga atasikia hoja ya wazee wa Gileadi karibu neno kwa neno. Ila wazee wale waliomba sharti la ndoa. Hawakuomba mabinti wanyang'anywe.

Hata hivyo hukumu ile ya wakati wa Musa haikujitekeleza. Walipofika Kanaani mabinti walilazimika kuwaendea Eleazari na Yoshua kuwakumbusha, ndipo wakapewa. Mwaka 1910 vilichimbuliwa Samaria vigae vya karne ya 8 kabla ya Kristo, vilivyoandikwa kwa wino hesabu za divai na mafuta. Noa na Hogla wamo, kama majina ya maeneo yaliyoleta mali hiyo. Jina la Selofehadi halimo.