Mlinzi wa Nafsi Yake

Mwaka 1883 mwandishi Mfaransa Guy de Maupassant alitoa hadithi fupi iitwayo Lui?, ya mwanamume anayekaribia kuoa mwanamke ambaye amemwona mara chache tu. Hana mapenzi naye, na ndoa yenyewe haiamini. Anachotaka ni mtu wa kupumua kando yake usiku. Siku moja alirudi nyumbani akaona mtu amekaa kwenye kiti chake, akanyoosha mkono amguse bega, akakuta kiti kitupu. Anajua fika kwamba hapakuwa na mtu. Hamwogopi mwizi, wala wafu hawamtishi. Anaiogopa akili yake mwenyewe, kwamba inaweza kumfanyia tena jambo lile.

Miaka minne baadaye Maupassant aliirudia hofu hiyo kwa kina katika Le Horla, riwaya fupi iliyoandikwa kama shajara. Wapenzi wengi wa riwaya za kutisha wanaisoma kama kisa cha kiumbe asiyeonekana. Mimi, kama mwanasaikolojia, naisoma kama maelezo sahihi mno ya jinsi mtu anavyojiogopa, na jinsi kila hatua anayochukua kujilinda inavyoinenepesha hofu hiyo.

Tuanze na fobia ya kawaida, maana ndiyo rahisi kueleweka. Mwenye fobia anaogopa kitu kilicho nje yake: nyoka, lifti, kimo kirefu, sindano. Akikiona, moyo unakwenda mbio. Akikiepuka, anapata nafuu papo hapo. Nafuu hiyo ndiyo mtego. Mwanasaikolojia wa Marekani O. H. Mowrer alieleza katika miaka ya 1940 kwamba kila tunapokimbia na kupata ahueni, tunajifunza upya kwamba kukimbia ndiko kulikotuokoa, na hofu inabaki bila kupata nafasi ya kukanushwa. Asiyepanda lifti kwa miaka kumi hajawahi kugundua kwamba angefika salama. (Hofu ya damu na sindano ina tabia yake: baada ya moyo kwenda mbio, shinikizo la damu hushuka ghafla na mtu akazimia. Wanaozimia kwenye chumba cha sindano wasichekwe. Mwili wao unafanya hivyo bila ridhaa yao, na wanaweza kufundishwa kukaza misuli ya mikono na miguu ili shinikizo lisishuke.)

Sasa, ukiiogopa nafsi yako utakimbilia wapi? Msimulizi wa Le Horla anajaribu. Anaishi karibu na Rouen, kando ya mto Seine, na baada ya wiki kadhaa za homa na usiku mbaya anakwenda kutembea Mont Saint-Michel. Anarudi amepona. Hofu inamrudia, anakwenda Paris, anapona tena. Hata daktari wake hana zaidi ya kumwandikia kuoga maji ya manyunyu na kunywa dawa ya bromidi. Kila safari inampa nafuu ileile anayoipata mwenye fobia anapoikwepa lifti, na kila akirudi anaikuta hofu mahali alipoiacha.

Kabla ya safari hiyo ya Paris, akiwa nyumbani, anajigeuza mlinzi, na hapo ndipo riwaya inapofika kwenye kiini cha jambo. Kila asubuhi anakuta maji yaliyokuwa kando ya kitanda chake yamekwisha. Nani ameyanywa? Dhana yake ya kwanza ni kwamba ni yeye mwenyewe, anayeamka akiwa usingizini na kuishi maisha ya pili asiyoyajua. Kwa hiyo anajitega. Anazifunga chupa kwa vitambaa vyeupe vya melimeli, anavikaza vizibo kwa kamba, kisha anajipaka unga mweusi wa penseli kwenye midomo, ndevu na mikono, ndipo analala. Asubuhi vitambaa ni vyeupe pee, na maji hayamo.

Matokeo hayo yanamtoa hatiani. Siye aliyekunywa. Je, anatulia? Hata kidogo. Jibu moja limezaa swali baya zaidi: kama si mimi, ni nani? Hali hii tunaiona kila wiki kwenye vyumba vya ushauri. Mtu anayejiogopa hujipima, na kipimo hata kikitoka kizuri hakimtoshi, kwa sababu anachotafuta ni uhakika kamili juu ya nafsi yake, na uhakika huo hakuna binadamu anayeupata.

Mfano ninaotaka usomwe na wengi ni wa mama aliyejifungua karibuni. Anamwogesha mtoto, ghafla wazo linampitia: je, nikimzamisha? Anashtuka, anajiona ameharibika. Tangu siku hiyo anavificha visu, anamwomba bibi wa mtoto amwogeshe, anakagua moyo wake kila saa kuona kama bado anampenda mwanawe. Hamwambii mtu, kwa hofu kwamba watamnyang'anya mtoto. Ukweli ni kwamba mawazo ya namna hiyo huwajia watu wengi mno. Stanley Rachman na Padmal de Silva walionyesha mwaka 1978 kwamba takriban watu wanane kati ya kumi wasio na ugonjwa wowote wa akili hupata mawazo yasiyotakiwa, yakiwemo ya kuumiza wengine. Maudhui yake yanafanana sana na ya wagonjwa. Tofauti iko katika yanayofuata: wengi huliacha wazo lipite, na wachache hulikamata na kulihoji. Mama yule anateseka kwa sababu wazo hilo linapingana na kila anachokipenda.

Kulisukuma wazo hakusaidii. Mwaka 1987 Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wa Marekani wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila akiwajia. Kengele zililia mara kwa mara; na waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, dubu aliwajia zaidi kuliko alivyowajia wale ambao hawakukatazwa.

Tiba iliyoanzishwa na Victor Meyer jijini London mwaka 1966 inafuata njia ya kinyume. Mgonjwa anakabili kinachomtisha hatua kwa hatua, huku akiacha kujikagua, kuficha vitu na kuomba kuhakikishiwa. Mama anamwogesha mtoto mwenyewe, wazo likija analiacha lije, na hamuulizi mumewe kama yeye ni mama mbaya. Siku za mwanzo ni ngumu sana, sitaficha hilo. Taratibu akili inajifunza kwamba wazo ni wazo tu.

Kuna jambo lingine ambalo Maupassant alilichora kwa usahihi. Usiku mmoja msimulizi anahisi mtu amepanda kitandani, amempigia magoti kifuani na anamkaba koo, naye hawezi kujinasua wala kupiga kelele. Msomaji wetu atalitambua mara moja: ni jinamizi. Ubongo umeamka kabla misuli haijaachiwa na usingizi, ndoto inaendelea macho yakiwa wazi. Mwaka 1995, popobawa, kiumbe anayedaiwa kuvamia watu usiku, alipoitia hofu Pemba na Unguja hadi watu wakalala nje kwa makundi, simulizi nyingi za waliodai kuvamiwa zilifanana na hali hii. Jinamizi huja zaidi kwa aliyekosa usingizi na anayelala chali, na anayeliogopa hulala vibaya zaidi, nalo likamrudia.

Hata hivyo msimulizi wa Le Horla anavuka mstari ambao mama wa mfano wangu hauvuki. Anatazama kioo na haoni sura yake. Anaweka milango na madirisha ya chuma, anamfungia adui ndani, anaichoma nyumba, akiwa amewasahau watumishi waliolala humo. Hapa si hofu ya kujidhuru au kudhuru tena. Ameamini kabisa kwamba adui huyo yupo, na haoni sababu ya kujizuia. Maupassant mwenyewe aliugua kaswende iliyofika kwenye ubongo, akajaribu kujiua Januari 1892, na akafariki Julai 1893 katika kliniki ya magonjwa ya akili mjini Paris. Wapo wanaoisoma riwaya hii kama dalili ya ugonjwa huo. Sikubaliani nao: imepangwa kwa mkono uliotulia mno.

Kwa familia, mstari huo kati ya kuogopa na kuamini ndio wa kuuangalia. Ndugu anayesema kwa kutetemeka kwamba anaogopa asije akamdhuru mtu, asikilizwe bila kuhukumiwa na apelekwe kwa mtaalamu wa saikolojia. Anaweza kungoja miadi. Anayesema sauti zinamwamuru, au kwamba mtoto si mtoto bali ni kiumbe kingine, na anayasema bila kushtuka, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa mama aliyejifungua hiyo ni dharura sawa na kutokwa damu, na inatibika.