Hodiya na Rundo la Insha: Unyong'onyevu wa Kazi kwa Mfano wa Kabuchai

Kuchoka na kunyong'onyea si hali moja. Mkulima wa Kabuchai aliyepalilia mahindi tangu macheo huchoka, akala, akalala, na kulipokucha akarejea shambani na nguvu zake. Aliyenyong'onyea huamka akiwa amechoka kama alivyolala. Mwaka 1974 mwanasaikolojia Herbert Freudenberger aliieleza hali hii baada ya kuwatazama wahudumu wa kujitolea katika zahanati moja ya New York. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliitambua, si kama ugonjwa bali kama zao la mfadhaiko wa kazini usiodhibitiwa, likaitajia dalili tatu: kuishiwa na nguvu, kuibeza kazi au kujitenga nayo kihisia, na kupungua kwa ufanisi. Neno "uchovu" halitoshi kuyabeba yote hayo. "Unyong'onyevu" walau una ile picha ya kitu kinachonyauka polepole.

Kabuchai, eneo bunge la Kaunti ya Bungoma lililomegwa kutoka Sirisia kabla ya uchaguzi wa 2013, hutajwa kwa mahindi, miwa, kahawa na soko la Chwele. Mwalimu hatajwi sana. Hata hivyo, tangu elimu ya msingi ilipotolewa bila malipo mwaka 2003, na karo ya masomo ikaondolewa katika shule za upili za kutwa mwaka 2008, madarasa ya Kenya yalifurika. Chukulia mwalimu wa Kiswahili mwenye mikondo minne ya wanafunzi 50. Insha moja kwa kila mwanafunzi ni insha 200. Akizipa dakika sita sita tu, anahitaji saa 20 nje ya vipindi. Si ajabu kwamba wino mwekundu hupungua kadiri rundo linavyosonga, na insha ya 180 haisomwi bali hupimwa kwa urefu wake. Anayedhulumiwa hapo ni mtoto aliyeiandika, ambaye yamkini aliitafutia methali yake kwa siku mbili.

Fasihi simulizi anayoifundisha mwalimu huyo huyo ina sehemu ya jibu. Hodiya ni nyimbo za kazi; miongoni mwake mna vave za wakulima na kimai za wanamaji. Vitabu vya shule husema kwamba dhima yake ni kuhimiza bidii, kauli ambayo ni nusu ya ukweli. Katika palizi ya ujima, mapigo ya wimbo huyasawazisha mapigo ya majembe, hata mwenye nguvu asimwache nyuma mnyonge. Mghani anapoghani, waitikiaji hupumua. Wanapoitikia, yeye hupata nafasi ya kubuni ubeti mwingine. Humo humo humtania mvivu, humsifu mwenye shamba, tena humlalamikia mbele ya macho yake, wala hashitakiwi kwa kuwa ni wimbo. Raha, basi, haikungojwa mwisho wa kazi kama ujira. Ilifumwa ndani yake. Jioni, kwa Wabukusu, palikuwa na kinubi cha litungu na ngoma ya kamabeka inayochezwa kwa kutikisa mabega, yale yale yaliyoshinda yameinamia jembe. Palikuwa pia na busaa iliyonywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. (Busaa hukumbukwa kwa mapenzi kuliko inavyostahili, wapo walioingia chunguni wasitoke.)

Ni lazima kutahadhari hapa. Uhaba wa walimu ni suala la bajeti na la Tume ya Kuwaajiri Walimu, na mwalimu mkuu anayewapa walimu wake soda ili wasilalamikie vipindi vya ziada hajawaburudisha. Kadhalika, kiburudisho kikitiwa alama hugeuka kazi. Mwalimu apendaye kuimba akikabidhiwa kwaya ya tamasha la muziki na kudaiwa kombe, kuimba kwenyewe huwa mzigo mwingine. Kamari ya kandanda katika simu nayo huondoka na mshahara na usingizi pamoja.

Kinachofaa ni kidogo na cha karibu. Chai ya saa nne katika chumba cha walimu huwa na manufaa pale madaftari yanapoachwa mezani. Mwalimu anywaye huku akisahihisha hakunywa chai. Wako wanaocheza dama kwa vifuniko vya chupa, mchezo ambao huisha kwa dakika chache na humlazimisha mtu kumtazama mwenzake. Mwingine hutembea hadi sokoni kununua ndizi ambazo angeweza kutumia mtu, au huwa na tuta la sukuma nyuma ya nyumba, akipalilia asichodaiwa na yeyote. Lakini lililo karibu zaidi na hodiya ni kusahihisha kwa pamoja: walimu watatu au wanne mezani, kila baada ya insha kumi mmoja akisoma kwa sauti sentensi iliyomfurahisha, bila kumtaja mwandishi. Wenzake hucheka, hubishana kuhusu nahau, huomba irudiwe. Rundo halipungui kwa kicheko, ila msomaji huanza kuitafuta sentensi ya kuwapelekea wenzake, na kwa sababu hiyo insha ya 180 hupata kusomwa.