Njia ya Damu Ikizibika Kifuani

Lava ya Nyiragongo ilipoukata mji wa Goma vipande viwili, Januari 17, 2002, watu hawakungoja barabara ifunguliwe. Walivuka juu ya mawe yangali na moto, wakachora vinjia. Baadaye chukudu, zile baiskeli za mbao za kubebea mizigo, nazo zikapita. Lori, hapana.

Kifua cha mgonjwa wa figo hufanya vivyo hivyo. Mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni ukizibika, damu hutafuta vinjia: vimishipa hujitokeza begani na kifuani kama mizizi. Mkono hufura, pengine na uso, hasa asubuhi. Vinjia hivyo vyaweza kumweka mtu hai, lakini mashine ya kusafisha damu ni lori: huvuta mililita 300 na zaidi kila dakika, kwa saa nne, kwa kawaida mara tatu kwa wiki.

Mara nyingi waliouziba ni sisi waganga. Mgonjwa hufika amechelewa, anawekewa mpira wa katheta haraka. Mpira ule husugua ukuta wa mshipa, ukuta unaota kovu, kovu linabana. Mbaya zaidi ni katheta iliyopitishwa chini ya mtulinga. Shingo upande wa kulia ni afadhali, maana njia yake imenyooka hadi moyoni.

Kuufungua mshipa huo, bingwa hupenyeza waya mwembamba akiutazama kwa eksirei, kisha hutanua puto dogo penye kovu. Kovu lina ukaidi. Baada ya miezi huenda likabana tena. Waya ukigoma kabisa, kovu hutobolewa kwa sindano, karibu mno na moyo. Hiyo si kazi ya kujaribia mahali pasipo mpasuaji wa kifua. Hapo hubaki mshipa wa kinena, au kusafisha damu kupitia tumbo, njia isiyohitaji mshipa wowote, nami naona tunaisahau mno. Lakini yataka mifuko ya maji kila siku, na uwanja wetu wa ndege ulipofungwa Januari 2025, mizigo ilibaki kutegemea barabara na ziwa.

Bora kuliko yote ni fistula, ambayo Brescia na Cimino waliieleza New York mwaka 1966: mshipa wa ateri na wa vena huunganishwa mkononi. (Hapa Goma mama akisikia neno hilo hushtuka, akikumbuka jeraha la uzazi linalotibiwa katika hospitali ya HEAL Africa. Hii ni nyingine.) Huchukua wiki kadhaa kukomaa, na huhitaji mishipa isiyochokozwa. Basi aliyeambiwa figo zinaanza kushindwa, kama hutumia mkono wa kulia, aseme mapema: “Mama muuguzi, chukua damu nyuma ya kiganja cha kulia. Mkono wa kushoto niachie kwa ajili ya fistula.”