Matangazo Usiyoyaomba Kwenye Simu: Njia Ipi Inafaa, na Inagharimu Nini?

Mvua za Machi zikikaribia, mkulima wa Kiminini husubiri ujumbe mmoja kuliko mwingine wowote: ule wa serikali unaomjulisha kuwa amepata mbolea ya ruzuku na ni mifuko mingapi. Jirani yangu, mzee wa makamo, aliniletea simu yake ya kabambe nimtafutie ujumbe huo. "Mwanangu, hebu nisomee, macho yangu yamechoka," akasema. Nilipitia matangazo kumi na saba kabla ya kuufikia. Kamari, mikopo ya haraka, vichekesho, neno la dini la kila asubuhi. Ujumbe wa mbolea ulikuwa chini kabisa, na ulikuwa umekaa siku sita.

Tukabonyeza *144# ya Safaricom kutazama salio. Kredo aliyoweka jana yake ilikuwa imepungua, na hakuwa amempigia mtu. Lile neno la dini lilikuwa la kulipiwa, wala mzee hakumbuki kuliomba.

Nani analipia tangazo?

Jambo hili si geni. Enzi za faksi, aliyetumiwa tangazo ndiye aliyegharamia karatasi na wino wa kulichapisha. Marekani ilipitisha sheria mwaka 1991 iliyompa mpokeaji haki ya kudai dola 500 kwa kila faksi ya namna hiyo. Hapa Kenya, kanuni za mwaka 2010 za kulinda watumiaji wa huduma za mawasiliano zilitaja faksi, barua pepe na mitambo inayojipigia simu yenyewe: hakuna kumtangazia mtu biashara kwa njia hizo kabla hajakubali. Faksi zimetoweka katika ofisi nyingi, ila msingi ule ule ndio tunaouhitaji leo.

Piga hesabu. Huduma inayokata shilingi 5 kila siku itakula shilingi 150 kwa mwezi, na shilingi 1,825 kwa mwaka. Mfuko wa kilo 50 wa mbolea ya ruzuku umekuwa ukiuzwa shilingi 2,500, kwa hiyo pesa hizo ni karibu robo tatu ya mfuko. Na ikiwa kredo yenyewe umeikopa kwa Okoa Jahazi ya Safaricom, yenye ada ya asilimia 10, basi umelipia deni la kitu ambacho hukukitumia.

Njia tano, na gharama zake

*Kujibu STOP.* Matangazo mengi huja na maelekezo ya kujitoa, na kwa kampuni inayofuata sheria, njia hii hutosha. Kasoro yake ni kwamba unajitoa kwa mmoja mmoja, na ujumbe wa kujitoa wenyewe unaweza kutozwa. Tazama salio kabla ya kutuma na baada ya kutuma. Kanuni za mwaka 2021 za kulinda data zinataka kujitoa kuwe rahisi, tena kuwe bure au kwa gharama ndogo mno. Lakini ikiwa ujumbe umetoka kwa namba ya kawaida usiyoijua na unanukia utapeli, usijibu. Mteja wa Safaricom aupeleke kwa 333, bila malipo.

*Kuzima kwa mtandao wa simu.* Mteja wa Safaricom abonyeze *456*9*5# afuate maelekezo ya kuzuia ujumbe wa matangazo. Hulipi chochote, huhitaji intaneti, na kabambe inatosha. Ubora mkubwa wa njia hii ni kwamba inalenga matangazo. Ujumbe wa M-Pesa au wa benki utaendelea kukufikia. Walio kwenye mitandao mingine wapige simu huduma kwa wateja, waombe matangazo yazimwe na huduma zote za kulipiwa ziondolewe kwenye laini.

*Kuzuia namba kwenye simu.* Simu janja inakuruhusu kumfungia mtumaji mmoja mmoja, bure. Uwe mwangalifu: ukifunga kwa hasira unaweza kumfungia yule anayekuletea habari za mbolea. Tena kumfungia mtumaji wa huduma ya kulipiwa hakukutoi kwenye huduma. Huenda usiuone ujumbe, na kredo iendelee kukatwa.

*Laini ya pili.* Wenye duka wengi wana laini moja ya jamaa na M-Pesa, na nyingine ya kuandika kwenye fomu na kwenye vitabu vya wageni milangoni mwa ofisi za Kitale, ambapo kila anayeingia baada yako anaisoma namba yako. Njia hii huzuia tatizo mapema, ila utanunua laini, utaisajili kwa kitambulisho, na utalazimika kuitumia mara kwa mara isije ikafungwa. Inamfaa mfanyabiashara. Kwa mzee mwenye simu moja ni mzigo.

*Kushtaki.* Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inakataza kutumia data ya mtu kibiashara bila idhini yake, isipokuwa pale sheria inaporuhusu. Malalamiko hupelekwa kwa Kamishna wa Kulinda Data bila ada. Unaweza kuyatoa kwa mdomo na yakaandikwa, na sheria imeweka siku 90 za kuyachunguza na kuyamaliza. Ofisi hiyo ina meno: Septemba 2023 iliitoza kampuni ya mikopo ya simu ya Mulla Pride faini ya shilingi 2,975,000 kwa kutumia vibaya namba za watu. Gharama yako hapa ni muda na uvumilivu. Usifute ujumbe unaolalamikia, kwa sababu huo ndio ushahidi wako.

Uamuzi wangu

Anza na njia isiyokugharimu: zima kwa mtandao wa simu, kisha tazama salio lako kwa siku tatu mfululizo bila kupiga simu. Likitulia, umemaliza. Likiendelea kupungua, piga huduma kwa wateja, wataje huduma inayokata pesa, na udai zilizokatwa zirudishwe. Wakikuzungusha, nenda kwa Kamishna. Laini ya pili mwachie mwenye biashara, na kufunga namba kuwe nyongeza tu.

Kwa mzee jirani yangu tulitumia dakika chache kuyazima, chini ya mwembe. Mbolea alikwenda kuichukua kesho yake. Nakuomba, ndugu msomaji, jioni ya leo ichukue simu ya mzazi wako, ubonyeze *144# pamoja naye, na umuulize kama salio hilo ndilo analolitarajia.