Uvumi Hauna Mtenda: Sarufi ya Kanusho la Serikali Mtandaoni

Uvumi katika Kiswahili hupenda kuanza na neno moja: inasemekana. Neno hili limejengwa kwa kauli ya kutendeka, na kauli hiyo haipokei mtenda. Twasema "imesemwa na daktari". Hatusemi "inasemekana na daktari". Sarufi yenyewe humficha msemaji kabla hajaulizwa jina.

Je, akaunti za Serikali katika mitandao ya kijamii huujibuje uvumi? Mara nyingi kwa tangazo la namna hii: "Umma unajulishwa kuwa taarifa zinazosambazwa zipuuzwe." Nani anajulisha? Nani amechunguza, lini, na wapi? Mtenda ametoweka tena, safari hii kwa kauli ya kutendwa. Msomaji anabaki na kauli mbili zisizo na mwenyewe, naye huelekea kuiamini ile aliyoletewa na jirani, kwa kuwa jirani anamfahamu.

Tuchukue mfano wa Rukwa. Mwezi Mei 2023 Tanzania ilithibitisha mgonjwa wa polio, mtoto wa Sumbawanga. Mwezi Septemba chanjo ya matone ilitolewa katika mikoa sita, Rukwa ukiwamo. Tuseme kwamba huko Wampembe, mwambao wa Ziwa Tanganyika wilayani Nkasi, kungezuka neno kuwa matone yanadhuru uzazi. Kanusho "Matone hayadhuru uzazi" lingelirudia neno lile lile. Tofauti ni kikanushi tu, nacho ni chepesi kupotea ujumbe unapopita kwa mdomo, toka kwa mwenye simu hadi kwa asiye nayo, toka Kiswahili hadi Kifipa.

Afadhali kuanza na ukweli na mwenye kuusema: "Matone humkinga mtoto asipooze. Mimi, Mganga Mkuu wa Wilaya, nasema hivyo. Kesho saa nne asubuhi nitakuwa Wampembe, njooni mniulize." Lisilojulikana bado litajwe kuwa halijajulikana, pamoja na saa ya taarifa ijayo.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 16, humwadhibu anayechapisha uongo. Lakini adhabu hiyo haimjibu mama aliyesita mlangoni, mtoto mgongoni. Yeye anangoja mtu mwenye jina amjibu.