Mipira Mibovu Hula Umeme
Tangu mwaka 2018 Songea inapata umeme wa gridi ya Taifa kutoka Makambako, badala ya kutegemea majenereta ya dizeli. Umeme huo haukuja bure. Haifai kuupoteza barabarani.

Mpira wa gari hubonyea na kujirudi kila uzungukapo, na nguvu ya betri hupotea humo kwa joto. Mipira ijayo na gari la umeme kutoka kiwandani kwa kawaida huchaguliwa ili upotevu uwe mdogo. Ikibadilishwa kwa mizito ya kuzunguka, chaji ile ile haifiki mbali.

Umoja wa Ulaya huiweka mipira katika madaraja, A hadi E: ya upotevu huo na ya kushika barabara yenye maji. Twawaambia madereva: yatazameni yote mawili, maana katika milima ya kwenda Njombe uhai hutangulia betri. Tena jazeni upepo wa kutosha. Rahisi ni ghali.