Mafuta ya Usoni

Sogeeni jikoni, wajukuu wangu, Julai ya hapa Ruring'u, Nyeri, haina huruma. Hadithi ya leo ni ya msichana wa kidato cha kwanza aliyeishi hapa karibu na uwanja wa michezo. Mikono na miguu yake ilikuwa imepauka kwa baridi, lakini paji la uso na pua vikimeremeta kutwa nzima. Ngozi moja, mbona huku kavu na kule mafuta?

Ndani ya ngozi mna vitezi vidogo vinavyotengeneza mafuta yaitwayo sebamu. Viganja na nyayo havina hata kimoja, usoni vimesongamana. Mtoto akibalehe, homoni huvikuza na kuvihimiza. Mafuta hayo si uchafu. Yanailinda ngozi, na katika baridi hii kavu ya mlimani tunayahitaji. Taabu huja tundu linapozibwa na mafuta yaliyochanganyika na seli zilizokufa, bakteria wakashamiri humo, chunusi ikavimba. Hata vile vidoa vyeusi vya puani si uchafu: ni mafuta na rangi ya ngozi yenyewe, vikipigwa na hewa huwa vyeusi.

Binti hakuyajua hayo. Alichukua sabuni ya kufulia na kitambaa kigumu, akasugua asubuhi, mchana na jioni. Baada ya saa chache mafuta yamerudi, maana sabuni haifiki viliko vitezi. Uso ukachubuka, ukawa unawasha. Shosho yake akamnyang'anya kitambaa: "Mwanangu, unaosha uso au sufuria?"

Akampa maji vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato. Mara mbili kwa siku, na baada ya kutoka jasho. Vidole vitupu, kisha kujikausha kwa kugusagusa na taulo. Losheni nyepesi, kidogo tu. Jeli nzito, hata ile ya kukamulia ng'ombe tunayoipenda sana, ibaki mikononi na miguuni.

Na msizikamue chunusi, nawaomba. Kwenye ngozi yetu nyeusi alama zake hukaa miezi, na jua huzikoleza. Nyeri iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, jirani na ikweta. Miale hupenya hata siku ya mawingu. Ila alama zisiwapeleke kwa wauza krimu za kung'arisha ngozi. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya, na bado kuna wanaoziuza kichinichini. Zebaki huharibu figo, wajukuu wangu. Figo!

Chunusi kubwa zenye maumivu ni za kupelekwa hospitali. Za kawaida, mwulizeni mfamasia krimu ya benzoili peroksaidi. Pakeni kidogo, mvumilie wiki sita hadi nane, na mto muutandikie kitambaa kikuukuu, kwa sababu dawa hiyo huchujusha rangi ya shuka.